Kiplefti chetu kinakwamia kwenye kutoka

Jumatatu saa moja asubuhi, kaa kwenye benchi la fundi viatu pale njia panda ya mtaani kwetu. Utaona magari yamesimama pande zote nne na hakuna lililogonga lenzake. Katikati kuna kisiwa cha ukoka uliokauka, na kukizunguka kuna daladala mbili, bajaji, IST tatu na tipa la mchanga, kila mmoja amechomeka pua ubavuni mwa mwenzake. Mbele hakuendeki, nyuma ndiyo usiseme. Konda ameshuka, anapiga bodi kwa kiganja: "Ingia suka, ingia!" Aingie wapi, na duara lenyewe limeshashiba.

Mtaa siutaji, maana wahusika ni majirani zangu. Ni huku ndani, kama kilometa moja kutoka Barabara ya Morogoro, ambako lami imefika miaka ya karibuni na nyumba za kupanga zikaifuata lami. Njia nne zinakutana: moja inatoka barabara kubwa, ya pili shuleni, ya tatu inapanda kutoka mtoni, ya nne inatoka sokoni. Kiplefti, yaani huo mzunguko wa magari, kilijengwa ili kuondoa balaa, na kweli kikaliondoa. Kikaleta jingine, dogo zaidi lakini la kila siku. Sasa mtaa umegawanyika: wapo wanaotaka king'olewe yawekwe mataa, na wapo wanaosema kiachwe kilivyo. Kwenye mkutano wa mtaa mimi nilisaini karatasi ya mataa. Ikiletwa tena leo sisaini.

Nianze na balaa la kwanza. Kabla ya lami, njia panda ile haikuwa na ajali za maana, kwa sababu mashimo yalikuwa yanafanya kazi ya matuta. Lami ilipokuja kila mtu akapata mwendo, lakini hapakuwa na kibao wala mstari wa kusema nani apite kwanza, kwa hiyo aliyepita kwanza ni mwenye gari kubwa. Siku moja nilimwona kijana wa bodaboda akitokea sokoni na tipa likishuka kutoka barabara kubwa. Tipa lile halikuwa linakimbia kwa macho yetu sisi wa pembeni, labda 50 kwa saa, mwendo ambao sheria yenyewe inauruhusu kwenye makazi ya watu. Lilimpata ubavuni. Paja lilivunjika mara mbili, pikipiki ikaburutwa hadi mlangoni kwa muuza vipuri. Watu walipokwisha kumbeba, kandambili yake moja ilibaki katikati ya njia, imekaa sawasawa, kama ya mtu aliyeivua akaingia msikitini.

Kugongwa ubavuni ndiyo ugonjwa wa njia panda. Wahandisi wana hesabu yao: kwenye makutano ya kawaida ya njia nne, mapito ya magari yanakatana, yanaungana au yanaachana kwenye sehemu 32. Ukiweka kiplefti cha leni moja zinabaki 8: nne za kuingia, nne za kutoka. Hata moja kati ya hizo si ya gari kukata mbele ya jingine kama msumeno. Halafu kuna mwendo. Duara dogo hulizunguki kwa 50, unalizunguka kwa 25 au chini ya hapo, na nguvu ya kugonga haipungui sawa na mwendo bali kwa mraba wake. Mwendo ukiwa nusu, kishindo kinabaki robo.

Mwaka 2001 taasisi ya utafiti ya makampuni ya bima nchini Marekani ilitoa matokeo ya makutano 23 yaliyokuwa na mataa au vibao vya kusimama, kisha yakageuzwa viplefti. Ajali zote kwa ujumla zilipungua kwa asilimia 40. Ajali za kuumiza watu zilipungua kwa asilimia 80. Ziangalie vizuri namba hizo mbili, maana tofauti yake ndiyo habari yenyewe: watu wanaendelea kugusana, ila sasa wanashuka kugombana badala ya kubebwa. Hicho ndicho ninachokiona kwenye benchi la fundi viatu. Saitimira zinakatika, bampa zinachubuka, matusi ya nguoni yapo. Mtu kulazwa kwa ajali ya pale, tangu kiplefti kijengwe, sijasikia.

Kwa hiyo kwenye mizani yangu kiplefti kinatudai deni kubwa, na nilipokuwa nasaini ile karatasi nilikuwa nimelisahau. Foleni ya asubuhi inasahaulisha mengi.

Mkutanoni maneno yalikuwa yaleyale ya siku zote: Mswahili hawezi kiplefti. Mzee mmoja mstaafu, aliyewahi kuendesha malori ya masafa, alisimama akasema tatizo si duara, ni adabu. Watu wanachomekea, na wengine wanatanua hadi kwenye vibaraza vya maduka. Tulimpigia makofi. Na kuna ukweli ndani yake, ukianzia kwenye jina. Dar es Salaam tumekua na mizunguko. Pale Posta magari yanaizunguka Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa 1927, na Mnara wa Saa nao una mzunguko wake. Tunaiita kiplefti kutokana na maneno ya Kiingereza ya kwenye kibao, keep left, yaani shika kushoto. Jina limetufundisha nusu ya sheria. Linakwambia uzunguke upande gani, halikwambii nani apite kwanza. Nusu ya pili ni kwamba aliyemo ndani ana haki, na anayetaka kuingia amsubiri anayetokea kuliani kwake.

Waingereza wenyewe walichelewa kuikamilisha nusu hiyo. Mizunguko walikuwa nayo tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20, lakini ilikuwa inajifunga kila magari yanapozidi, kwa sababu waliokuwa nje walikuwa wanajisukumiza ndani wakati waliokuwa ndani hawajatoka. Mwaka 1966 wakaweka kanuni ya kumpisha wa kulia. Barabara ni zilezile, na mizunguko ikaanza kupumua.

Basi nikajua nimepata jibu: tufundishwe, tupigwe faini, mambo yaishe. Na ningebaki na jibu hilo kama si mtaro.

Walikuja mafundi kujenga mtaro wa maji ya mvua upande wa kutokea kwenda barabara kubwa. Wakafukua, wakazungushia utepe mwekundu na mweupe, wakamwaga kokoto, na kwa muda wa wiki tatu hapakuwa na mahali pa daladala kusimama. Zikawa zinapitiliza hadi mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, na abiria wakawa wanazifuata huko huko kwa kunung'unika. Siku ya pili nikaona jambo. Saa moja asubuhi, Jumanne, duara linakwenda. Halikwenda kwa adabu. Madereva walikuwa walewale, wanachomekea vilevile, makonda wanatukana vilevile. Hakuna aliyelala akaamka amesoma sheria. Lakini gari lililoingia lilitoka. Wiki tatu nzima hatukufungana hata mara moja nikiwa nimekaa pale, na mimi hukaa pale kila siku kwa sababu kibanda changu cha uwakala kiko mkabala.

Mtaro ukaisha, kokoto zikaondolewa, daladala zikarudi pale pale. Alhamisi ya wiki hiyo tukafungana tena.

Jumapili asubuhi, barabara ikiwa tupu, nikaenda kupima kwa hatua. Fundi viatu aliniangalia weee, mwisho akashindwa kuvumilia.

"Kaka, unapima kiwanja cha nani?"

"Cha serikali."

"Basi ushadhulumiwa."

Kisiwa kina upana wa kama mita 16, na lami inayokizunguka mita 6. Ukitembea katikati ya lami hiyo hadi urudi ulipoanzia, umekwenda kama mita 69. Tuseme gari dogo likiwa kwenye foleni linakula mita 6 pamoja na nafasi ya mbele. Duara lote linaingia magari 11 au 12, na kutoka njia moja hadi ya pili yanaingia matatu. Kutoka ukingo wa duara hadi mahali daladala inaposimama ni hatua zangu ishirini na kitu, yaani magari matatu mengine.

Sasa simamisha daladala pale. Asubuhi magari ya kwenda barabara kubwa yanafuatana kwa karibu, kila baada ya sekunde chache. Matatu ya kwanza yanajipanga nyuma ya daladala. La nne halina pa kwenda, linabaki ndani ya duara. Likija la sita, mlango wa sokoni umefungwa, maana kwetu tunazunguka kwa mwendo wa saa na wa sokoni ndio jirani wa kwanza nyuma ya njia ile. Likija la tisa, na wa mtoni wamefungiwa. Haya yote yametokea kabla daladala haijamaliza kupakia, kwa sababu kuna mama anapandisha ndoo mbili za samaki na konda anagombana naye nauli ya ndoo.

Na hapo ndipo ubaya wa duara unapoonekana, ubaya ambao makutano ya kawaida hayana kwa kiasi hicho. Mtu anatoka shuleni anakwenda sokoni. Barabara kubwa haimhusu. Lakini ili afike sokoni lazima azunguke nusu duara, na mbele yake wamesimama wanaotaka barabara kubwa, wanaosubiri daladala, inayosubiri ndoo. Akisimama yeye, anamfungia anayetoka barabara kubwa kwenda mtoni. Huyo naye akisimama, nyoka ameshika mkia wake mwenyewe. Hata daladala ikiondoka, mafundo mengine yamekwisha kufungwa.

Tulikuwa tunagombania kuingia. Kiplefti kilikuwa kinakwamia kwenye kutoka.

Ukishaliona hili, hoja ya mataa inapungua uzito, ingawa haiishi. Daladala iliyosimama hatua ishirini mbele ya mataa itafunga vilevile; kijani kitawaka, magari yatajaa katikati ya makutano, nyekundu itawaka yakiwa bado pale. Kila anayepita kwenye mataa ya mjini jioni anaijua picha hiyo. Umeme nao ukikatika, mataa yanazimika na mnarudi kwenye sheria ya mwenye gari kubwa, na sasa mko kwenye makutano mapana zaidi na mwendo mkubwa zaidi. Kiplefti hakina luku. Usiku wa manane kinapitisha bajaji moja bila kuisimamisha mbele ya taa nyekundu wakati hakuna mwingine wa kumpisha.

Ambapo mataa yanashinda, kwa upande wa magari, ni njia moja inapokuwa na msururu usiokatika. Duara linaishi kwa upenyo mdogo mdogo: mmoja kapita, mwingine anaingia. Upande mmoja ukimwaga magari mfululizo, wa upande unaofuata hapati upenyo hata asubiri hadi adhuhuri. Taa haijali msururu, inagawa zamu. Na magari yakizidi zaidi ya hapo, taa nayo inasalimu amri. Tazara palikuwa na mataa, likaja daraja la juu la Mfugale mwaka 2018. Ubungo palikuwa na mataa, likaja la Kijazi mwaka 2021. Kiplefti cha leni moja kinahimili kama magari 20,000 hadi 25,000 kwa siku, na kwetu hatufiki hata karibu na hapo. Kubomoa kile tulichonacho ili kuweka mataa kwenye njia panda ya mtaani ni sawa na kubadili mlango kwa sababu mtu ameegesha mkokoteni nje yake.

Trafiki naye nimseme kwa ufupi. Akija mapema anaharibu, kwa sababu anaushika upande mmoja kwa dakika nyingi, kisha anaufungua wote kwa mpigo, na ule upenyo mdogo mdogo unakufa. Akija duara likiwa limeshafungana, hapo ni mkombozi. Hakuna kingine kinachoweza kumrudisha nyuma suka wa daladala isipokuwa afande mwenye daftari.

Kuna hasara moja ambayo sikuiona hadi nilipoambiwa na mtu asiyeona kabisa. Ni mzee wa mtaani, ana fimbo nyeupe, anavuka mara mbili kila siku kwenda na kurudi msikitini. Nilimkuta amesimama ukingoni, uso ameuinamisha kidogo upande wa barabara kama anayesikiliza redio yenye sauti ya chini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nivushe."

Nikamshika mkono. Tulisubiri. Lilipita gari, likapita jingine, ikaja bajaji, kisha pikipiki mbili. Akasema zamani, kabla ya duara, alikuwa anavuka mwenyewe. "Gari likisimama injini inashusha sauti. Nasikia, najua hii zamu yangu. Siku hizi zinazunguka tu kama nyuki. Hakuna inayonyamaza."

Nilikuwa nimesoma faida zote za magari kutosimama, na nilikuwa nimezikubali. Sikuwa nimefikiria kwamba kusimama kwa gari ndiyo taa ya kijani ya mtu asiyeona. Hapo mataa yenye muda wa waenda kwa miguu yanashinda waziwazi, na sina la kuwajibu wenye karatasi yao.

Wenye macho nao hawako salama sana. Kivuko cha zebra kimechorwa mdomoni kabisa mwa duara. Dereva anayetaka kuingia shingo yake iko kulia, anatafuta upenyo. Mtoto wa shule anatokea kushoto kwake. Macho na mguu wa mafuta vinakwenda kulia, mtoto anakuja kushoto. Kivuko kingerudishwa nyuma kwa urefu wa gari moja, dereva angemalizana kwanza na mtoto, kisha asogee kumalizana na duara. Ni ndoo ya rangi na asubuhi moja ya kazi. Nimelisema mkutanoni, likaandikwa kwenye muhtasari chini ya "mengineyo".

Tipa za mchanga nazo zina lao. Gari refu likizunguka, matairi ya nyuma hayafuati ya mbele, yanakata ndani. Kingo za kisiwa zimekwisha upande wa mtoni, zege limebaki vipande, na ukoka pale ni hadithi. Viplefti vilivyofikiriwa vizuri huwa na ukanda wa zege ulioinuka kidogo kukizunguka kisiwa, gari dogo linaukwepa na lori linaukanyaga bila kuvunja kitu. Chetu hakina.

Nirudi kwenye kituo. Nilimwendea mwenyekiti wa mtaa na karatasi yangu ya hatua na magari matatu matatu. Alinisikiliza vizuri kuliko nilivyotarajia. Haikuchukua muda mrefu, kikaletwa kibao cha kituo, kipya, kimesimikwa kwa zege hatua 70 mbele ya duara, karibu na lile duka la vifaa vya ujenzi. Nilifurahi kama niliyeshinda kesi.

Daladala ziliendelea kusimama pale pale. Nikamuuliza konda mmoja ninayemfahamu kwa nini hasogei. "Bosi, mimi nasimama walipo watu." Nikatazama walipo watu. Wako chini ya mwarobaini. Mti mkubwa, kivuli chake kinafunika upande mzima wa barabara hadi saa nne, na chini yake kuna dada anauza chai na vitumbua, kuna bomba la kunawia, kuna gogo la kukalia. Hakuna ofisi iliyowahi kuweka kituo pale. Mti ndio uliokiweka, miaka mingi kabla ya lami na kabla ya kiplefti.

Nikamuuliza dada wa vitumbua kama angeweza kuhamia kwenye kibao. Alicheka hadi akaweka kijiko chini. "Kaka yangu, jua lile? Vitumbua vitaiva mara ya pili."

Kwa hiyo kwenye mkutano ujao nitaomba kitu ambacho hakimo kwenye karatasi ya mataa wala ya wanaopinga mataa: banda. Nguzo nne, bati, benchi la mbao, pale penye kibao. Na dada apewe nafasi ya kwanza chini yake, maana abiria watamfuata yeye kabla hawajalifuata bati. Nimeshaongea na fundi wa kuchomelea, amenipa bei ya jirani. Mkutano umeahirishwa mara mbili.

Kibao kwa sasa kipo peke yake juani. Juzi nimepita nikakuta mtu amekibandika karatasi: chumba na sebule, maji yapo, luku ya kujitegemea, karibu na kituo.